Bitana ya Ndani: Historia ya Vitu Vinavyoshonwa Kifuani Baada ya Upasuaji wa Titi

Mabibi harusi waliokuja kutazama mishono ya satini wanisamehe, leo nazungumzia nguo isiyoonekana. Ni ile inayoshonwa ndani ya mwili wa mwanamke aliyeondolewa titi kwa ajili ya saratani, ili titi jipya lipate pa kukaa. Mimi ni fundi cherehani, na nilipoanza kuzisoma habari hizi niligundua kuwa nusu yake naijua. Kuna bitana, kuna mshono, kuna kitambaa kinachovutika na kisichovutika, kuna wavu na kuna ngozi. Nusu ya pili ni ya madaktari na masheikh, na humo mna mambo ambayo mwanamke wa Kiislamu ana haki ya kuyajua kabla hajatia saini karatasi ya upasuaji.

Sisi Waislamu tunayo habari ya zamani kabisa ya kulinganisha vitu vya kuwekwa mwilini. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua siku ya Kulab, vita vya zama za jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha, nayo ikaanza kutoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Sote tunajua dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa, na sababu yake ni ya kifundi hasa: fedha iliharibika, dhahabu haiharibiki. Hicho ndicho ambacho madaktari wamekuwa wakikitafuta mpaka leo. Wanataka kitu ambacho mwili utakikubali na hakitaoza.

Karne kadhaa baadaye, kule Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika Kitab al-Tasrif, na ndani yake mkawa na habari za kushona matumbo kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Uzi wa aina hiyo huyeyuka wenyewe mwilini baada ya kidonda kushika. Likumbukeni wazo hilo la kitu kinachofanya kazi kisha kikaondoka, kwa sababu litarudi.

Sasa twende kwenye titi lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, alikuwa akiondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Alitangaza matokeo yake mwaka 1894 na ulimwengu ukamfuata kwa miaka mingi sana. Wanawake walipona, wengine wakaishi muda mrefu, lakini walibaki na kifua kilichobonyea mpaka mbavu zinahesabika. Kulijenga upya titi lilikuwa jambo la kukatazwa, Halsted mwenyewe hakulitaka kabisa.

Waliojaribu walianza na kitambaa cha mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1895, Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alimtoa mwanamke uvimbe wa mafuta usio na madhara na akaupandikiza pale titi lilipoondolewa. Mwaka 1906, Iginio Tansini wa Italia alieleza namna ya kuzungusha ngozi pamoja na msuli mpana wa mgongo mpaka ukafika mbele. Fundi yeyote angeanza hapo hapo: nguo ikichanika, kwanza unatazama pindo kama lina ziada.

Lakini wengine walikuwa na haraka. Watu walidungwa nta ya parafini, ile ya mishumaa, ikaleta mabonge na vidonda. Katika miaka ya 1950 ikaja sponji ya plastiki, ikawa inaingia laini na baada ya muda inakuwa ngumu ndani ya mwili. Halafu mwaka 1962 huko Houston, Texas, Thomas Cronin na Frank Gerow wakaweka mifuko ya kwanza ya silikoni. Mifuko ile ya mwanzo ilikuwa na viraka vya Dacron kwa nyuma, ili nyama ya mwili ijishike hapo na mfuko usihame. Dacron ni jina la biashara la poliesta! Niliposoma hivyo niliiacha simu nikacheka peke yangu. Poliesta ninayoikata mezani kwangu kwa ajili ya mabuibui ina jamaa yake vifuani mwa wanawake tangu 1962.

Mfuko una tatizo moja kubwa, nalo ni uzito. Titi la asili lina nyuzi zake zinazolishikilia kutoka ndani, na mwanamke aliyeondolewa titi amebaki na ngozi nyembamba tu. Ukiweka mfuko mzito chini ya ngozi nyembamba bila bitana, utaning'inia, utahama, au utatoboa utoke nje. Muulizeni fundi yeyote aliyewahi kushona vito vizito juu ya shifoni bila kutia kitu chini yake. Ndiyo maana madaktari wakaupeleka mfuko chini ya msuli wa kifua. Msuli unafunika juu vizuri, lakini kwa chini haufiki, na tena hauvutiki kwa siku moja. Mwaka 1982 Chedomir Radovan alichapisha njia ya puto: linawekwa tupu, kisha linajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki nyingi mpaka ngozi ivutike, halafu mgonjwa anarudi kwenye upasuaji wa pili kuwekewa mfuko wenyewe. Njia inafanya kazi, ila ni visu viwili na safari nyingi.

Mwaka huo huo wa 1982 Carl Hartrampf wa Atlanta akaeleza njia ya kuchukua ngozi, mafuta na msuli wa tumboni na kuvipandisha juu kuwa titi. Wanawake waliipenda, maana titi linakuwa la joto, la nyama yao wenyewe, na tumbo la uzazi linapungua. Lakini ukikata kitambaa hapa kujaza pale, unaacha tundu. Tumbo lililoondolewa msuli hulegea, na mara nyingi madaktari walilazimika kulitia wavu wa plastiki ili lisitokeze ngiri.

Wavu huo ulitoka kwa Francis Usher, naye wa Houston, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kutumia wavu wa plastiki kufungia ngiri. Baadaye ukawa wa polipropilini. Mnaijua polipropilini hata kama jina hamlijui: ndiyo inayofumiwa yale magunia meupe ya mchele. Iliyosafishwa kwa hospitali ni nyingine kwa usafi na wembamba, ila aina ya plastiki ni hiyo hiyo. Ni imara, ni rahisi, haiozi. Haiondoki pia. Nyama ikishaota katikati ya matundu yake, kuitoa ni kama kutoa lasi iliyoshonwa kwa mshono mdogo kwenye hariri, utaiharibu hariri kwanza.

Mwaka 2005 ndipo historia ya bitana ya titi ilipogeuka. Karl Breuing na mwenzake, huko Boston, walieleza jinsi walivyoukata msuli wa kifua kwa chini, wakashona kipande cha ngozi iliyotayarishwa kati ya ukingo wa msuli na mkunjo wa chini ya titi. Ni susu kabisa, kama lile tunalomtundikia mtoto. Mfuko ukalala ndani ya susu, na mgonjwa hakuhitaji puto wala miezi ya kuvutwa ngozi. Alilala na titi, akaamka na titi.

Ngozi ile ilitoka kwa binadamu waliofariki na kutolewa kwa hiari. Ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1990 kwa walioungua. Kiwandani huondolewa tabaka la juu na chembe hai zote, zikabaki nyuzi za kolajeni tupu, kama kanga iliyofuliwa mpaka rangi zote zikatoka ukabaki uzi. Mwili wa mgonjwa hauioni kama adui, mishipa ya damu inapenya ndani yake, na polepole inakuwa sehemu yake. Bei yake ni maelfu ya dola kwa kipande kimoja.

Biashara ilipoonekana, viwanda vikaleta ngozi nyingine. Ikaja ya nguruwe, iliyo maarufu zaidi ikiitwa Strattice. Ikaja ya ndama aliye bado tumboni mwa ng'ombe, SurgiMend. Wakaja na utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Upande wa nyavu ukaja wavu wa polipropilini uliopakwa titani, unaotumika sana Ujerumani, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ngozi. Likarudi na wazo la Zahrawi: wavu wa Vicryl unayeyuka, nguvu zake zinaisha ndani ya wiki chache, na wavu wa GalaFLEX huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kuondoka. Hata hariri ilijaribiwa, hariri ya kweli ya mdudu, iliyooshwa gundi yake na kufumwa wavu.

Mteja wangu mmoja, mama wa bibi harusi, alifanyiwa upasuaji wa kujengwa titi nje ya nchi. Alipokuja kupimwa gauni aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninajua kilichoshonwa ndani yake ni kitu gani. Aliambiwa tu "kitambaa maalumu cha kushikilia". Hakuna aliyemwambia kimetokana na nini, na yeye aliona haya kuuliza. Ndilo lililonifanya niandike. Mtu anaponiletea gauni la kukodi tu hunichunguza kama bitana ni pamba au poliesta, kwa kuwa ngozi yake itawasha. Itakuwaje asiulize bitana itakayolala ndani ya kifua chake maisha yake yote?

Kwanza tuliondoe shaka moja, maana wapo wanaodhani kujengwa titi ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitenganisha upasuaji wa kutafuta uzuri tu na ule wa kurekebisha kasoro iliyoletwa na ugonjwa, na likataja wazi kwamba kujenga titi baada ya kuondolewa kunaruhusiwa. Kwa hiyo dada mwenye saratani asitiwe hofu na maneno ya barazani.

Suala la kitambaa ni jingine, na hapa ngozi ya nguruwe ndiyo yenye mazungumzo. Sisi huku visiwani wengi wetu ni Mashafii. Kwa Mashafii ngozi ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa mpaka leo, ameligusa jambo hili hili miaka zaidi ya mia saba kabla ya kiwanda chochote: mtu aliyeungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa sababu ya kukosa kilicho tohara, huyo ana udhuru. Kama kilicho tohara kipo, hana udhuru huo, na anatakiwa akitoe ikiwa haogopi madhara. Wanazuoni wa zama zetu nao wamejadili kama nguruwe akishabadilishwa kiwandani anabaki nguruwe. Katika suala la jelatini, Baraza la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikataa ya nguruwe, na semina ya fiqhi na tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 ikaona kuwa kilichogeuka kikawa kitu kingine kinatoharika.

Mimi naliona neno "kukosa" ndilo kubwa. Katika bitana ya titi, mara nyingi hatukosi. Upo wavu wa plastiki, upo unaoyeyuka, ipo ya ng'ombe, na ipo ngozi ya mwanamke mwenyewe. Aliyekwisha kuwekewa ya nguruwe bila kujua asijitese wala asikimbilie kuitoa, amuulize sheikh na daktari kwa pamoja. Ambaye bado hajawekewa aulize leo.

Na je, kwa kazi tu, ipi ni bora? Ukisoma matangazo ya viwanda utadhani ngozi iliyosafishwa haina mpinzani. Wadachi waliamua kupima. Katika utafiti uliopewa jina BRIOS, uliochapishwa mwaka 2017, wanawake walipangwa kwa kura: wengine walijengwa titi kwa mara moja kwa kutumia Strattice, wengine kwa njia ya zamani ya puto na upasuaji mara mbili. Matatizo makubwa yalitokea katika matiti 26 kati ya 91 ya kundi la ngozi, na matiti 5 tu kati ya 92 ya kundi la puto. Zisomeni tarakimu hizo mara mbili. Tuwe waadilifu pia: makundi yale yalitofautiana kwa mambo mawili, kitambaa na haraka ya kumaliza kazi siku moja, kwa hiyo lawama yote haiwezi kutupwa kwenye ngozi peke yake. Lakini ahadi ya kulala na titi na kuamka na titi ilikuwa na gharama ambayo kabla ya hapo wanawake hawakuelezwa vya kutosha.

Tarehe 31 Machi 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikawatangazia wagonjwa na madaktari jambo lililonishangaza zaidi. Hakuna hata ngozi moja ya aina hii iliyokuwa imeidhinishwa nayo kwa kazi ya kujenga titi. Zote zilikuwa zimeruhusiwa kwa kazi nyingine, na madaktari walizitumia kifuani kwa uamuzi wao wa kitaalamu, jambo ambalo sheria yao inaruhusu. Wakati huo huo ikaonya kuwa bidhaa mbili za ngozi ya binadamu, FlexHD na AlloMax, zilionekana kuwa na matatizo zaidi kuliko nyingine. Hesabuni wenyewe, kutoka 2005 mpaka 2021 ni miaka kumi na sita.

Kuhamisha kitambaa kutoka kazi moja kwenda nyingine si dhambi, sisi mafundi tunafanya kila siku, lakini kitambaa cha pazia kikiwa gauni lazima ukivae kwanza ndiyo ujue. Wavu wa polipropilini uliosaidia sana ngiri ulihamishiwa ukeni kwa wanawake waliolegea viungo baada ya kuzaa, na maumivu yaliyofuata yakafikishwa mahakamani nchi nyingi. Mwezi Aprili 2019 FDA iliamuru nyavu za kushikilia viungo vilivyoshuka, zile zinazopitishwa ukeni, ziache kuuzwa. Kifuani nyavu hazijaleta balaa kama hilo. Ila ni fundisho la kwa nini mtu aulize kitu kimetoka kazi gani.

Njia ninayoipenda mimi, kwa jicho la fundi, haina kiwanda ndani yake. Mwanamke mwenye matiti makubwa yaliyoshuka akiondolewa titi hubaki na ngozi ya ziada kwa chini. Zamani ilikuwa inakatwa na kutupwa. Sasa daktari anaweza kuikwangua tabaka la juu, akaiacha imeshikana na mwili kwa chini, akaipandisha na kuishona kwenye ukingo wa msuli. Susu la kitambaa chako mwenyewe, lenye damu yake, lisilo na bei wala suala la najisi. Mwenye matiti madogo hana ziada hiyo, naye atahitaji kitambaa cha kununua au nyama ya mgongoni au tumboni.

Kwetu hapa, kabla ya yote hayo, shida kubwa ni kuchelewa. Wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaohitaji mionzi huvuka bahari mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, jengo lililoanza kama hospitali ya Wajerumani karne ya 19, na wengi wanafika uvimbe umeshakuwa mkubwa. Kujengwa titi kunakuja nyuma sana ya kuokoa maisha. Anayekwenda kufanyiwa nje, India au kwingineko, na akaelezwa habari ya kitambaa, aulize kimetokana na kiumbe gani au plastiki gani, kinakaa muda gani mwilini, kikipata maambukizo kitatolewa vipi, na kama kuna kingine cha kuchagua. Vipande hivi huja na stika yenye jina na namba ya toleo, na stika hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Ombeni nakala, muitie kwenye pochi moja na pasipoti. Kwa anayeona haya mbele ya daktari mwanamume, mume au dada anaweza kuuliza kwa niaba yake.

Na asiyetaka kujengwa kabisa hana upungufu wowote. Kwa huyo tunashona pedi ya kuvaa ndani ya sidiria: ya pamba laini tupu kwa miezi ya mwanzo, kidonda kikiwa kibichi, kisha ya pili yenye uzito unaokaribiana na titi lililobaki. Uzito ni muhimu kuliko umbo. Pedi nyepesi hupanda juu, sidiria inavutwa upande mmoja, na bega linaanza kuinuka. Mimi hutia mfuko mdogo wenye zipu kwa nyuma, ili mwenyewe aongeze au apunguze mpaka kioo kimwambie kuwa mabega yamelingana, na ganda la nje nashona la pamba linalofulika, maana huku joto halina huruma.